Detekta na Nyonga ya Baba

Wiki iliyopita, kwenye foleni ya hospitali, mzee mmoja aliketi kando yangu akinuka kafuri na mafuta ya kondoo. Nilijaribu kuvumilia nikashindwa. Nilimwomba dada aliyekuwa nyuma yangu anishikie nafasi, nikatoka nje na kusimama kando ya ukuta mpaka pumzi ikatulia. Baba alikufa zamani kidogo, na alipokufa sikulia sana. Nililia siku hiyo, nimeshika karatasi yangu ya namba, watu wakinipita wakidhani nimepewa habari mbaya huko ndani.

Ile ilikuwa harufu ya nyumba yetu. Kila jioni, jua likianza kulegea juu ya mabati ya Isiolo, mama alipasha mafuta ya kondoo kwenye kifuniko cha sufuria, akasagia humo kipande cha kafuri, na baba akalala kwa ubavu juu ya ngozi ya mbuzi ili achuliwe nyonga ya kushoto. Kovu lilikuwa hapo, dogo kuliko ukubwa wa hadithi yake, limejikunja kama kitovu cha mtoto mchanga. Risasi iliingia pale na haikutoka.

Hadithi yenyewe niliijua kama nilivyojua kuhesabu. Baba alikuwa akichunga mbuzi karibu na mto Ewaso wakati wa kiangazi, yeye na watoto wawili wa dada yake. Wezi wa mifugo wakaja. Baba akawasukuma wale watoto ndani ya kichaka cha mswaki, kisha akasimama mahali pa wazi ili wezi wamwone yeye. Watoto walipona. Mbuzi walienda wote. Baba alibebwa hadi zahanati, na daktari wa pale akaosha kidonda, akaingiza kidole, akasema risasi imeenda ndani sana, imekaa karibu na mfupa, iachwe. Eksirei haikuwepo huko, na tulipohamia mjini hakuna aliyeona haja ya kuitafuta. Kila mtu alijua risasi iko wapi.

Mimi nilidhani iko hai. Mawingu yakijikusanya upande wa milima ya Nyambene, baba alijishika kiuno na kusema, "Leo inatembea." Nilimwelewa hivyo hivyo alivyosema. Nilikuwa nikibandika sikio langu juu ya kovu na kunyamaza.

"Unasikia nini?" baba aliniuliza.

"Inapumua."

"Basi usiiamshe."

Na kwa sababu ya risasi hiyo, baba hakufanya kazi. Asubuhi alichukua fimbo yake na kigoda chake kidogo cha mbao, kile ambacho wazee wa Kiturkana huketia mchana na kulalia kichwa usiku, akaenda kuketi kwenye kivuli cha duka la Mutwiri. Mutwiri alikuwa Mmeru, mtu wa tumbo kubwa na mzaha mwingi, aliyeuza unga, sukari na tumbako ya kutafuna. Watu walipokuja kununua walimsalimu baba kwanza, ndipo wakaingia dukani. Kukiwa na ugomvi wa maji au wa mbuzi aliyekula nguo za mtu, baba aliitwa. Alisema maneno machache, na hakuna aliyemkatiza. Mtu aliyebeba risasi kwa ajili ya watoto wa wengine hakatizwi.

Mama ndiye aliyebeba vitu vingine. Alibeba mkaa mgongoni, akafua nguo za walimu na za wafanyakazi wa serikali, akarudi vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyelala mtoni. Sikumsikia akilalamika. Nilidhani kila nyumba iko hivyo: mmoja amebeba risasi, mwingine amebeba mkaa.

Kisha kaunti ikaja. Ndivyo watu walivyosema, kaunti imekuja, kama vile ni mgeni aliyeshuka kwenye lori na mizigo yake. Ofisi zikapakwa rangi, magari makubwa meupe yakaongezeka, na kampuni za ulinzi zikaanza kutafuta watu wa kusimama getini. Mama aliandikwa, akapangwa kwenye geti la ofisi za kaunti. Alipewa sare ya kahawia, kofia, rungu, na buti zilizomzidi, akazijaza vitambaa kwenye vidole. Siku ya kwanza alipovaa alisimama mlangoni akilivuta shati la sare, akingoja aambiwe kitu.

Baba alimtazama kuanzia kofia hadi chini. "Sasa nikuite afande?" alisema.

Mama alicheka. Baba hakucheka.

Mama hakuwa amekaa sana pale getini wakati mashine zilipoletwa. Miji mingine ilikuwa imeshambuliwa na watu walikuwa na hofu. Fundi alifika na gari, akasimamisha mlango mweupe usio na ukuta, wenye taa za rangi ubavuni, na akatoa ndani ya boksi detekta ya mkono: kitu cheusi, kirefu kama mwiko wa ugali, kilichonguruma kikikaribia chuma na kuwasha taa nyekundu. Zile za zamani mjini zilikuwa zinalia tu. Hii ilikuwa ya kisasa, ilikuwa na vitufe na kijiti kidogo cha kusukuma pembeni, na taa zake zilipanda moja moja kadiri chuma kilivyokaribia. Fundi aliwaonyesha walinzi haraka haraka, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye gari, akawaambia mwalimu atakuja siku nyingine kuwafunza vizuri. Jambo moja alilisisitiza, na mama alirudi nalo nyumbani kama aya ya Biblia: mashine haidanganyi. Mtu atakudanganya, mashine haidanganyi.

Nilikuwa nikimpelekea mama chai shule zikifungwa, kwa hiyo niliyaona mengine mwenyewe. Detekta ililia kwa kila mtu. Ililia kwenye mikanda, kwenye vifungo vya suruali, kwenye sidiria za akina mama, na watu wakaona haya na kukasirika. Siku moja ililia mara nyingi juu ya mtu mmoja mkubwa aliyevaa suti, mbele ya wageni wake. Yule mtu hakumwambia mama neno. Alimwambia msimamizi wa walinzi. Msimamizi alikuja mbio, akamnyang'anya mama ile detekta, akaigeuza huku na huku mpaka akakiona kile kijiti cha pembeni, akakisukuma chini kabisa.

"Unapigia watu kelele ya nini?" alimwambia. "Punguza sauti. Ukiaibisha mkubwa mwingine nitakupeleka ulinde stoo ya mbolea huko mbali, peke yako."

Sote tulidhani kile kijiti ni cha sauti, kama cha redio. Mimi, mama, msimamizi mwenyewe, hata Guyo, mlinzi mwenzake mama aliyekuwa amefika kidato cha pili. Na kweli kelele zilipungua. Mikanda ilinyamaza. Funguo na simu bado zililia, na mama akaona mambo yamekaa sawa.

Lakini alikuwa na hofu ya ile stoo. Ijumaa moja kufuli la kibanda cha walinzi liliharibika, na msimamizi akamwambia aende na detekta nyumbani mpaka Jumatatu, isiibiwe. Mama akaona amepewa nafasi ya kujifunza. Aliifunga kwenye leso, akaibeba kama mtoto.

Jumapili tulipotoka kanisani watu walikuwa wameshasikia. Uwanja wetu ulijaa. Majirani walikuja na viti vyao, Mutwiri akafunga duka, watoto wakapanga mstari wapimwe. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani lakini alisimama kama amevaa sare, miguu imeachana, shingo imenyooka. "Mikono juu. Geuka. Asante." Alipitisha detekta bila kugusa mtu, kuanzia kwapa hadi kwenye viatu. Nilifichiwa kufuli ndani ya soksi akalipata. Alipata funguo kwenye kifundo cha leso ya jirani, akapata kisu cha Mutwiri cha kukatia tumbako, na watu wakapiga makofi. Sikuwahi kumwona mama akitazamwa na watu wengi namna ile. Uso wake ulikuwa unang'aa, na aliniangalia kuhakikisha kwamba nami naona.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya mlango. Aliona watu wote wamegeukia upande mwingine.

"Mama Akai," aliita. Akai ni mimi. "Umepima watoto na wanawake. Kuja sasa upime mwanaume."

Watu wakafurahi. Mutwiri alisema hiyo mashine itapasuka leo. Baba aliinuka, akaiegemeza fimbo ukutani kwa sababu ilikuwa na chuma chini, akatoa kisu na kisanduku cha tumbako, akanikabidhi. Alifanya taratibu, kama mtu anayevua nguo za nje kabla ya kuingia mahali patakatifu. Kisha akageuza nyonga ya kushoto.

Mama akapitisha detekta. Ilinyamaza.

Akairudisha, karibu zaidi, mpaka ikagusa kitambaa. Ilinyamaza. Taa ya kijani ilikaa pale pale. Mama aliitikisa kidogo, akaisogeza kwenye funguo zilizokuwa mkononi mwa Mutwiri, ikanguruma. Akairudisha kwenye nyonga ya baba, kimya.

"Pima tena," baba alisema.

Akapima tena. Nakumbuka kuku mmoja akipita katikati ya watu bila kufukuzwa.

Ni Mutwiri aliyevunja ukimya, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia ukimya tu. "Mzee," alisema, "kwani risasi imeenda likizo?"

Watu walicheka. Walicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, kwa sababu walikuwa wameshikilia pumzi. Baba aliinua mkono akangoja wanyamaze, kama alivyozoea kungoja, na kwa mara ya kwanza hawakunyamaza.

"Hiyo kitu ni mbovu," alisema.

Hapo mama angeweza kusema ndiyo. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Angeweza kusema betri imeisha, na watu wangeenda nyumbani kupika. Lakini alikuwa amesimama mbele ya mtaa mzima, na kitu cha kwanza alichowahi kukijua kuliko wengine kilikuwa mkononi mwake.

"Mashine haidanganyi," mama alisema.

Hakuna aliyebisha kwamba baba alipigwa risasi. Kovu lilikuwepo. Walichoanza kusema ni kwamba risasi ilitoka zamani, kwamba labda iliingia na kutoka siku ile ile, na kwamba mzee ameketi kwenye kivuli miaka yote hiyo akimtazama mke wake akipita na gunia la mkaa. Watoto walimpa jina, wakamwita Mzee Likizo. Kwanza walimwita akiwa mbali, halafu akiwa karibu. Watu waliendelea kumsalimu pale dukani, lakini sasa waliingia kwanza, wakanunua, ndipo wakamsalimu wakitoka.

Nyumbani mafuta ya kondoo hayakupashwa tena. Baba hakuyaomba na mama hakuyatoa. Siku moja mchana, baba aliposema kuna baridi inamwingia mfupani, mama aliweka chini ndoo aliyokuwa amebeba.

"Mfupa gani?" alisema. "Mimi ndiyo niko na mfupa. Uti wa mgongo wangu umepinda. Nilijiambia, vumilia, mume wako amebeba chuma. Nikavumilia. Kumbe hubebi kitu."

"Umemaliza?"

"Sijamaliza. Nilikuwa nakuonea huruma, Baba Akai. Nirudishie hiyo huruma yangu."

Baba alitazama mikono yake.

Mimi nilielewa mambo kwa njia yangu. Kwa kuwa risasi ilikuwa hai, na kwa kuwa mashine haidanganyi, basi ilikuwa imetoka yenyewe. Ilichoka, au ilishtuka siku tulipopiga makofi, ikateleza nje baba akiwa amelala. Na kama ilitoka, haikuwa imeenda mbali. Nilikung'uta ngozi yake ya mbuzi na blanketi. Nilitafuta kwenye pembe za nyumba. Kisha nikachukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, nikaifunga kamba, nikaiburuta uwanjani kila jioni nikitoka shuleni, mchanga wa Isiolo ukiota ndevu nyeusi juu yake. Nilipata misumari, vifuniko vya soda, wembe. Sikujua kwamba sumaku haivuti risasi ya namna ile. Niliipata kwa macho, karibu na barabara: kidonge kizito cha kijivu, kimebonyea upande mmoja. Leo najua ni kipande cha madini ya risasi cha fundi wa magurudumu, kile cha kusawazisha gurudumu la gari. Siku hiyo nilijua ni ya baba.

Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba, si dukani. Siku hizo hakuwa akienda dukani.

"Baba, nimeipata," nilimwambia. "Ilikuwa imetoka. Ilikuwa kule barabarani." Nikamfungulia kiganja.

Aliitazama kwa muda mrefu. Nilingoja afurahi. Nilitaka aende nayo kwa Mutwiri, aiweke juu ya meza, watu waone kwamba hakudanganya, ni yenyewe ilitoka. Baba alikifunga kiganja changu kwa mkono wake, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Hata wewe, Akai," alisema.

Sikuelewa. Nilidhani anamaanisha hata mimi nimeitafuta.

Kesho yake alikunja blanketi. Kulikuwa na pikapu iliyokuwa ikienda Rapsu, kwenye mashamba ya kumwagilia maji, ambako walitafutwa watu wa kuchimba mifereji. Mama alikuwa anavaa buti.

"Utachimba mfereji na huo mguu?" alimwuliza.

"Mguu una nini?" baba alisema. "Kama sina risasi, basi nina miguu."

Alipanda nyuma ya pikapu kwa shida, akisaidiwa na kijana mmoja, na fimbo yake akaiacha imeegemea ukuta.

Mwalimu wa mashine alikuja baada ya muda, wakati shule zimefungwa, nami nilikuwa kwenye kibanda cha walinzi nimepeleka chai. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya Nairobi. Aliwapanga walinzi, akachukua detekta mkononi mwa mama, akatazama pembeni, akakunja uso.

"Nani aliweka hii chini hivi?"

Msimamizi alisema walipunguza sauti.

"Hii si sauti," yule kijana alisema. "Hii ni masikio yake. Ukiweka chini, inakuwa kiziwi. Inasikia tu kitu kikubwa, tena kikiwa juu juu." Akaweka sarafu chini ya kitabu cha kusaini wageni, akapitisha detekta. Kimya. Akasukuma kile kijiti juu, akapitisha tena, ikanguruma. Walinzi wakasema aah. Guyo akacheka. Mama hakusema aah. Alinyoosha mkono kama mtoto darasani.

"Na kama mtu ako na risasi," aliuliza, "ndani, hapa kwa nyonga. Ukiweka juu kabisa, itasikia?"

"Ya zamani?"

"Ya zamani. Iko karibu na mfupa."

Kijana alifikiri. "Hapana, mama. Pengine mtu akiwa mwembamba sana. Hii inatafuta kitu mtu ameficha kwa nguo. Ikiwa ndani ya nyama hivyo, hapo ni eksirei tu."

"Rudia," mama alisema.

Alirudia. Mama aliitikia kwa kichwa, akachukua detekta, akaonyeshwa kuishika vizuri, akapima kila mlinzi bila kosa hata moja. Mwalimu alimsifu mbele ya wote. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alitembea haraka mpaka nikawa nakimbia, na buti zake zilipiga barabara kwa kishindo. Nilimwambia tumpigie baba simu.

"Nyamaza kwanza," alisema. Kisha, tulipofika karibu na nyumba, "Nitamwambia mimi. Usimwambie mtu."

Baba hakuwa na simu. Mama alipiga kwa mwenye shamba, akaomba aitiwe mume wake. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikasikia upepo wa kule Rapsu ukipuliza kwenye simu, na sauti ya mwenye shamba ikirudi. Amesema ana kazi. Mama alipiga tena siku nyingine. Amesema nikwambie mashine haidanganyi. Mama alitaka kwenda mwenyewe lakini aliyeacha zamu alipoteza nafasi, na wengi walikuwa nje ya geti wakiitamani ile sare. Alisema ataenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika alisema tena hivyo. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba alikuwa pia anaogopa. Si rahisi kupanda gari kwenda kumwambia mtu maneno ya namna ile.

Simu ya mwisho ilipigwa kutoka upande ule. Baba alikuwa ameanguka ndani ya mfereji na hakuinuka. Nyonga ilikuwa imevimba siku nyingi, naye alikuwa akichimba vivyo hivyo, maji hadi magotini, na homa akaificha. Walimleta Isiolo juu ya magunia ya vitunguu.

Hospitalini walimpiga picha. Daktari, mwanamke kijana, aliichukua ile karatasi nyeusi inayopitisha mwanga akaibandika kwenye dirisha, na mifupa ya baba ikatokea, myeupe kama ya ng'ombe aliyekufa zamani malishoni. Na pale, kando ya mfupa, ilikuwepo. Ndogo, imepinda kidogo, nyeupe kuliko mifupa yote. Sikuhitaji kuonyeshwa.

"Hii imekaa hapa miaka mingi," daktari alisema. "Sasa imesogea na nyama imeoza pembeni yake. Mzee, ulikuwa unatembeaje?"

Mama alikuwa amevaa sare, ametoka zamu. Aliisogelea ile picha mpaka pua ikakaribia kugusa. Alikaa hapo. Baba hakuitazama picha hata kidogo. Alikuwa akitazama mgongo wa mama.

"Baba Akai," mama alisema, bado amegeukia dirisha. "Ile kitu ilikuwa imewekwa chini. Sikujua."

"Nimesikia," baba alisema.

Mutwiri alikuja siku iliyofuata na mkate na maziwa. Alisimama mwisho wa kitanda, tumbo limetulia, akasema, "Mzee, nisamehe. Ilikuwa mzaha." Baba akamwambia akae, akamwuliza habari za duka. Walizungumza juu ya bei ya sukari. Kwa Mutwiri ilikuwa rahisi namna hiyo, na mimi, nikiwa nimeketi kwenye ncha ya kitanda, nilidhani basi yamekwisha, kwamba kwa mama itakuwa rahisi zaidi.

Walitoa usaha, risasi wakaiacha. Ilikuwa imejificha mahali ambapo kuitoa kungemharibu zaidi. Alipopewa ruhusa ya kutoka, mama alikuwa amefagia nyumba, amenunua kafuri mpya na mafuta. Lakini kwenye lango la hospitali palikuwa na mpwa wa baba, mmoja wa wale watoto wawili wa kichaka cha mswaki, sasa kijana mwenye ndevu, amekuja na bodaboda kutoka Ngaremara. Baba alikuwa amemtumia ujumbe. Alipanda nyuma yake, akashikilia kiuno cha kijana, na kwenda kukaa kwa dada yake. Hakurudi kuishi nasi tena mpaka alipokufa.

Hakumtukana mama. Hakumwacha kwa maneno wala mbele ya wazee. Jumapili mama aliponipeleka Ngaremara, baba alisalimu vizuri, akaketi, akanywa chai. Alipokea sukari na tumbako kutoka mkononi mwangu. Mama akimpa yeye mwenyewe, alisema, "Weka hapo." Hatimaye mama akawa ananituma peke yangu. Kazini alikuwa amepandishwa cheo. Yeye ndiye aliyefundisha walinzi wapya, na nasikia hakuna aliyewaeleza vizuri kama yeye kile kijiti cha pembeni.

Jumapili moja nilikuta shangazi akimchua baba. Nilichukua mafuta, nikaendelea mimi. Mikono yangu ilikuwa imekua. Nilikuwa tayari msichana wa darasa la mwisho, na nilifikiri nina maneno ya kutosha.

"Baba, mama alikosea mashine," nilisema. "Hata msimamizi hakujua. Hata Guyo hakujua."

"Najua. Mashine haikunijua mimi. Sina neno na mashine."

"Basi rudi nyumbani."

Mbuzi wa shangazi walikuwa wanarudi, na vumbi lao liliingia mpaka ndani.

"Mama yako alikuwa ananichua hapa kila siku, Akai," alisema. "Kila siku. Alinisikia nikisaga meno. Wakati wa baridi alikuwa ananigeuza kama mtoto, kwa sababu sikuweza kujigeuza. Mutwiri angeweza kungoja mashine imwambie. Yeye aliingoja ya nini?"

Nilimaliza kumchua, nikafuta mikono, nikamwachia sukari. Nilirudi mjini jua likiwa bado juu. Mama alikuwa ameketi nje na detekta ya kufundishia walinzi mapajani, akiifuta kwa leso yenye maji kidogo, na alipoona nimefika aliiweka kando haraka.

"Amesemaje?" aliuliza.

Uso wake ulikuwa umenyooka kwangu, kama ule wa siku ya kwanza alipovaa sare mlangoni, akingoja aambiwe kitu.

"Amesema asante kwa sukari," nilimwambia.

"Amesema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa. Akaingia ndani, na nikamsikia akipakua unga kutoka kwenye mfuko, akiimba kidogo kwa sauti ya chini, akinipikia ugali.